Masista Waliotoa Ubongo Wao: Elimu Mpya juu ya Usahaulifu wa Uzee

Usiku wa manane bibi mmoja aonekana amesimama uani mwa jirani. Hana viatu, kanga yake imelegea, naye anasema peke yake. Mwenye nyumba aamka na kupiga ukelele. Kufumba na kufumbua watu wamejaa, na neno la kwanza litokalo vinywani mwao ni kwamba bibi huyu alikuwa akiwanga. Hakuna amwulizaye kama anajua mahali alipo. Lau angaliulizwa, pengine angalijibu kwamba anaitafuta nyumba ya mama yake, na huyo mama amekwisha kufa miaka 40 iliyopita.

Msomaji asidhani kwamba tunatunga hadithi ya kutisha. Katika nchi ya Tanzania, na hasa pande za Usukumani, wazee wengi, wanawake zaidi ya wanaume, waliuawa katika miaka ya 1990 na ya 2000 kwa kushukiwa uchawi. Ushahidi ulioletwa juu yao mara nyingine ulikuwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa maisha mazima ya kuwapikia hao hao waliowashitaki. Habari ya polisi na mahakama tuwaachie wenyewe. Leo twataka kusema juu ya ubongo wa mzee: unapatwa na nini hata mtu mwenye adabu na akili nzuri akafika hali ya kutangatanga usiku, kuwasahau watoto wake, na kumwita mjukuu wake mwizi. Wataalamu wamejifunza mengi juu ya jambo hili, na sehemu kubwa ya elimu hiyo walifundishwa na masista.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kusahau kidogo ni desturi ya uzee. Mzee akisahau mahali alipoweka jembe, hana ugonjwa. Hata kijana husahau. Lakini mzee akilishika jembe mkononi asijue ni la kazi gani, hapo pana ugonjwa. Mzee akisahau jina la mgeni aliyekuja mwaka jana, si neno. Akiuliza swali moja mara sita katika saa moja, na kila mara kwa uso wa mtu aulizaye mara ya kwanza, basi si uzee tu uliomjia. Uzee ni umri; usahaulifu wa namna hii ni ugonjwa unaopenda kuja katika umri huo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao, na zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa wakiishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Aina ya ugonjwa huo iliyo kubwa kuliko zote huitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 katika mji wa Frankfurt alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu. Daktari alimwonyesha vitu, naye akavitaja sawasawa. Punde si punde alikuwa amesahau kwamba ameonyeshwa kitu chochote. Alipokuwa akila aliulizwa anakula nini, akataja chakula kingine kabisa. Mwanamke huyo alifariki mwaka 1906. Alzheimer akaupima ubongo wake kwa hadubini, akakuta mambo mawili ya ajabu: nje ya seli palikuwa na mabaka ya uchafu ulioganda, na ndani ya seli palikuwa na nyuzi zilizosokotana kama kamba iliyoingia mafundo. Mwezi wa Novemba mwaka huo aliwatangazia habari hiyo madaktari wenzake huko Tübingen. Baadaye ilijulikana kwamba mabaka hayo na mafundo hayo ni ya protini mbili. Ya kwanza huitwa amiloidi na ya pili tau.

Basi kwa muda mrefu watu walifikiri kwamba mambo ni wazi: mwenye mabaka na mafundo mengi ndiye mgonjwa, asiye nayo ni mzima. Masista ndio walioonyesha kwamba jambo si jepesi hivyo.

Mwaka 1986 David Snowdon, mtaalamu wa elimu ya kuenea kwa magonjwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alibisha hodi katika nyumba ya masista mjini Mankato. Hao ni Masista wa Shule wa Notre Dame, shirika lililoanzishwa huko Bavaria mwaka 1833 na Mwenye Heri Maria Theresia wa Yesu Gerhardinger, nalo likavuka bahari kwenda Marekani mwaka 1847 ili kuwafundisha watoto wa wahamiaji. Kwa nini atafute watawa? Hebu tufikiri kidogo. Mtu akitaka kujua kwa nini mzee huyu ameugua na yule hakuugua, husumbuliwa na tofauti zisizohesabika: mmoja alivuta tumbaku na mwingine hakuvuta, mmoja alizaa watoto kumi na mwingine hakuzaa, mmoja alishiba na mwingine alilala njaa, mmoja alitibiwa na mwingine hakutibiwa. Masista karibu wote walikula meza moja, walilala katika nyumba moja, walitibiwa na waganga wale wale, hawakuolewa wala kuzaa, hawakuvuta tumbaku, na wengi wao walifanya kazi moja ya ualimu. Tofauti nyingi zimekwisha kuondolewa na kanuni ya shirika. Zile zinazobaki huonekana vizuri zaidi, kama vile doa huonekana upesi katika nguo nyeupe.

Tena watawa hutunza karatasi. Jambo hili tutalirudia, kwa maana ndilo lililoleta ajabu kubwa kuliko zote.

Kuanzia mwaka 1990 kazi hiyo ikapanuliwa, Snowdon akiwa amehamia Chuo Kikuu cha Kentucky. Masista 1,027 waliozaliwa kabla ya mwaka 1917 waliombwa kushiriki, na 678 wakakubali. Mdogo wao alikuwa na miaka 75, na wakubwa walikuwa wamepita 100. Sharti lao lilikuwa la namna tatu: kukubali kupimwa kumbukumbu na nguvu za mwili kila mwaka, kuruhusu karatasi zao katika hifadhi ya shirika zisomwe, na kuutoa ubongo wao baada ya kufa.

Sharti la tatu ni zito, nasi hatutalipita mbiombio. Katika makabila yetu mwili wa marehemu haukatwi ovyo, na hata baadhi ya masista walisumbuka moyoni. Mkristo anayengojea ufufuko wa mwili aweza kuuliza kwa haki: nitafufuka bila ubongo? Kanisa lilikuwa limekwisha kusema juu ya mambo ya namna hii. Tarehe 14 Mei 1956 Papa Pius wa XII alipokutana na waganga wa macho na watu waliotaka kutoa macho yao baada ya kufa, alifundisha kwamba kutoa sehemu ya mwili wa marehemu kwa faida ya wagonjwa si dharau kwa maiti, mradi heshima na hiari viwepo. Lakini akaonya kwamba jambo hilo lisigeuzwe kuwa wajibu wa kumlazimisha mtu. Ndivyo ilivyofanyika kwa masista: waliokataa hawakusumbuliwa. Waliokubali walikuwa walimu wastaafu, wazee, wengine hawawezi tena kutembea, nao wakaona kwamba hata baada ya kufa wangeweza kuendelea kufundisha.

Sasa matokeo. Kulikuwa na sista mmoja aliyefariki akiwa na miaka 101. Alifanya kazi ya ualimu mpaka alipokuwa mzee sana, na katika mitihani ya kumbukumbu aliyopewa kabla ya kufa alifanya vizuri. Alisoma, alijua habari za dunia, aliwatambua watu. Ubongo wake ulipofunguliwa, ulikutwa umejaa mabaka na mafundo. Kwa kanuni ya vitabu angalipaswa kuwa mtu asiyejijua. Kumbe aliishi na ugonjwa huo kichwani bila ugonjwa kumshinda! Wengine walikuwa na dalili chache katika ubongo, na huku akili zao zilikuwa zimepotea mbali.

Sababu moja ya tofauti hiyo ilitangazwa mwaka 1997, baada ya ubongo wa masista 102 wenye elimu ya juu kuchunguzwa. Kati yao 61 walikuwa na mabaka na mafundo ya kutosha kuitwa ugonjwa wa Alzheimer. Wale ambao juu ya hayo walikuwa wamepata viharusi vidogo katika sehemu za ndani za ubongo, viharusi ambavyo mara nyingi havikuwapooza wala kujulikana, karibu wote walikuwa wamepotewa na akili. Wale ambao mishipa yao ilikuwa salama, zaidi ya nusu kidogo tu ndio waliokuwa na usahaulifu. Ni kama nyumba iliyoliwa na mchwa: yaweza kusimama miaka mingi, lakini upepo mdogo ukiipiga huanguka. Upepo huo ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Kwa watu wa nchi zetu hiyo ni habari ya maana kuliko zote, kwa sababu mchwa bado ni shida kumzuia, bali shinikizo la damu hupimwa kwa dakika tano katika zahanati.

Turudi kwenye karatasi. Mnamo Septemba 1930 Mama Mkuu wa masista hao huko Amerika ya Kaskazini aliagiza kwamba kila novisi, kabla ya kuweka nadhiri, aandike kwa mkono wake habari fupi ya maisha yake katika ukurasa mmoja: wapi alizaliwa, wazazi wake ni akina nani, alisoma wapi, nini kilimwita utawani. Karatasi hizo ziliwekwa kabatini. Waandishi wao walikuwa wasichana wa miaka 22 hivi. Zikalala humo zaidi ya nusu karne, mpaka watafiti walipozifungua.

Wataalamu wa lugha walizichukua sentensi kumi za mwisho za kila karatasi, wakahesabu ni mawazo mangapi yaliyomo katika kila maneno kumi. Tutoe mfano wetu wenyewe ili msomaji aelewe. Msichana mmoja aandika: “Baba yangu ni seremala. Tuko watoto wanane. Napenda kufundisha.” Mwingine aandika: “Baba yangu, seremala asiyejua kusoma, alituuzia viti vyake ili sisi wanane tusome, nami tangu hapo nimetamani kumfundisha mtoto wa fukara.” Habari ni ile ile, lakini wa pili ameyafuma mawazo mengi pamoja. Katika masista 93 waliochunguzwa hivyo, wale ambao ujanani waliandika kwa mawazo machache ndio waliokutwa mara nyingi na akili dhaifu baada ya miaka 60 hivi. Tena, wakati habari hiyo ilipotangazwa mwaka 1996, masista 14 kati yao walikuwa wamefariki na ubongo wao umechunguzwa. Wote walioandika kwa mawazo machache walikutwa na ugonjwa wa Alzheimer, na hakuna hata mmoja aliyekutwa nao kati ya wale walioandika kwa mawazo mengi.

Ni jambo la kushangaza, walakini tujihadhari. Kumi na wanne ni watu wachache. Tena karatasi haisemi ni kipi kilichomzaa mwenzake. Huenda akili iliyozoezwa tangu utoto hujiwekea akiba, kama mkulima aliyejaza ghala, hata ukame ukija ana cha kula. Huenda pia ugonjwa wenyewe huanza kunyemelea polepole tangu ujana, na maandishi makavu yalikuwa dalili yake ya kwanza. Watu wenye elimu wangali wakibishana juu ya hayo mawili. Lisilofaa kabisa ni mtu kumcheka mwenziwe asiyejua kuandika vizuri na kumtabiria maradhi. Ubongo si insha ya darasani.

Mwaka 2001 ilitangazwa habari nyingine kutoka karatasi zile zile, safari hii za masista 180. Walioandika ujanani kwa furaha, shukrani na matumaini waliishi muda mrefu zaidi. Katika miaka ya uzee hatari ya kufa kwa wale wenye maneno machache ya furaha ilikuwa kama mara mbili unusu ya ile ya wenye furaha nyingi. Mwaka huo huo Snowdon aliandika kitabu juu ya kazi yote, kiitwacho Aging with Grace. Kwa maoni yetu habari hii ya furaha imetangazwa na magazeti kupita kiasi, kana kwamba kucheka ni dawa. Masista hao walikuwa na chakula, paa, waganga na jamaa wa kuwatazama mpaka kufa. Mjane mwenye njaa hawezi kuambiwa tu afurahi.

Hiyo ndiyo kasoro ya utafiti wote, na wenyewe waliufanya wakiijua: wote walikuwa wanawake, wa nchi moja, na wengi wao walisoma. Mashirika mengine yalifuata nyayo. Tangu mwaka 1994 huko Chicago wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rush wamekuwa wakiwafuata masista, mapadre na mabruda wa mashirika mbalimbali ya Marekani kwa sharti lile lile la kutoa ubongo. Lakini mkulima wa Afrika yuko wapi katika vitabu hivi?

Yupo, ingawa ni mahali pachache. Katika mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima wazee karibu 1,200 wenye miaka 70 na zaidi. Baada ya kusawazisha umri, walikuta kwamba wazee sita na kitu katika kila mia walikuwa na ugonjwa wa usahaulifu, kiasi kisicho mbali na kile cha nchi za Ulaya. Basi ule usemi kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu uanguke. Ugonjwa tunao, kilichokosekana ni jina lake, na penye kukosekana jina ndipo watu huweka jina la uchawi, au la laana, au husema tu kwamba mzee amerudi utotoni.

Pengine msomaji mwenye mama au baba katika hali hii atauliza: je, kuna dawa? Katika mwaka 2023 na 2024 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa mbili, lecanemab na donanemab, ambazo huyafuta mabaka ya amiloidi katika ubongo. Haziponyi. Hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa kiasi, kwa wale walio mwanzoni tu, tena zaweza kuleta uvimbe na kutoka damu ubongoni, hata mgonjwa hulazimika kupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Bei yake ni ya matajiri. Hatuoni sababu ya kuwatamanisha wasomaji wetu.

Lakini yapo yaliyo karibu zaidi. Si kila usahaulifu wa mzee ni wa Alzheimer. Mzee aliyechanganyikiwa kwa ghafula, leo na jana tu, huenda ana malaria, homa ya mapafu au ugonjwa wa njia ya mkojo, naye akitibiwa akili hurudi. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi, huzuni kubwa baada ya kufiwa, kaswende ya zamani, virusi vya Ukimwi, hata dawa anazomeza zikiwa nyingi mno: yote hayo yaweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na akili, na mengi yana tiba. Mzee asiyesikia vizuri hudhaniwa mjinga kumbe hasikii. Tena wataalamu wameona kwamba kutosikia kwenyewe, mtu akikaa hivyo miaka mingi, huongeza hatari ya usahaulifu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la udaktari la Lancet lilihesabu mambo 14 ya namna hii, yakiwamo kukosa shule utotoni, shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, kuumia kichwa, macho yasiyotibiwa na upweke, likasema kwamba karibu nusu ya wagonjwa wote duniani, 45 katika 100, wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa kama mambo hayo yangeondolewa.

Kwa hiyo mtoto ampelekee mganga habari iliyo kamili. Asiseme tu, “Bibi anasahau.” Aseme lini ilianza, kama ilikuja ghafula au polepole, kama bibi amepata kuanguka, kama hutangatanga usiku au mchana, dawa anazokunywa, za hospitali na za kienyeji, azibebe zote mfukoni. Na majirani nao waambiwe mapema, mchana, kabla ya usiku ule wa ukelele, kwamba bibi yetu ni mgonjwa wa kusahau, akionekana nje ashikwe mkono na kurudishwa nyumbani.

Jambo moja la mwisho. Swali la kwanza la mganga litakuwa umri, na wazee wetu wengi husema tu kwamba walizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa. Masista wa Mankato walijulikana tarehe zao kwa sababu ziliandikwa. Katika parokia nyingi za zamani huku kwetu vipo vitabu vya ubatizo tangu siku za wamisionari wa kwanza, na mara nyingi jina la bibi limo, pamoja na mwaka. Atakayempeleka mzazi wake hospitali apite kwanza kwa paroko akaombe kitabu kifunguliwe.